Waliokataa Kumtaja Baba Mkwe

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini kulikuwa na wakati ambapo hakuna mtu wa kwetu aliyeingia kwenye kompyuta ya chama bila mimi kusema aingie. Watu na digrii zao, wako London, wako Boston, walikuwa wakingoja mama mmoja wa mtaa wa Umoja amalize kuchambua maharagwe ndipo waambiwe karibu. Sijisifu bure. Waulizeni waliokuwepo.

Chama chenyewe kilikuwa cha watu wa sehemu yetu ya magharibi waliotawanyika Eastlands nzima: Kaloleni, Jericho, Mbotela, Mukuru kwa Njenga kwa vijana wa vibarua, na Komarock kwa wale ambao Mungu aliwatazama vizuri. Kazi yake kubwa ilikuwa mazishi. Mtu wetu akifia Nairobi lazima apelekwe nyumbani alale kwa baba zake, na maiti hasafiri bure, basi tunachanga. Zamani habari ya kifo ilitembea kwa miguu. Anatumwa mtu Kaloleni, wa Kaloleni anapita Makongeni, kufikia jioni Eastlands yote inajua. Lakini watoto wetu walianza kwenda ng'ambo, na miguu haifiki huko.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu mkubwa, alikuwa ameajiriwa Buruburu katika duka la kompyuta. Mwanzoni lilikuwa duka la kuchapa barua za kuomba kazi, halafu baada ya zile mvua za El Nino mwenye duka akaleta intaneti. Ndipo msichana huyu akakitengenezea chama websaiti. Kulikuwa na ukurasa wa wazee wa miji yetu, yaani maboma yetu ya kijijini, kila mzee na jina lake kamili, aliye hai na aliyekufa pamoja, kulikuwa na ukurasa wa vifo, na ukurasa ambapo mtu angeandika neno likaonekana na wote. Wengine walidhani ameifanya kwa kupenda chama. Mimi najua aliifanya kwa sababu alichoka kuniona nikiinua uso kila mara geti likilia.

Nilikuwa namngoja mwanangu. Kitinda mimba wangu alikuwa amekwenda Amerika kusoma. Barua zake zilikuja kwa sanduku la posta la kazini kwa baba yake, maana mzee wangu alikuwa mtu wa reli na tuliishi nyumba ya reli Makongeni. Mzee alipostaafu tukaihama nyumba, na sanduku likabaki na wenyewe. Tukamwandikia mtoto kumpa anwani mpya, barua ikarudi imepigwa mhuri: naye kule alikuwa amehama. Tukapotezana hivyo, kijinga, bila ugomvi, kama watu wawili wanaozunguka kibanda kimoja sokoni, kila mmoja akidhani mwenzake yuko upande ule. Kisha mzee akafa. Tukamzika bila mtoto huyo. Kwetu kaburi la baba likifukiwa kila mwana anatupa udongo wake. Wa huyu haukutupwa. Na yeye kule aliko labda alikuwa anacheka na watu, anapanga kumletea baba yake koti la baridi.

Hilo ndilo lililokuwa likinila. Kwamba mwanangu naye amekufa, moyo wangu ulikataa. Nilichoogopa ni kwamba atajua vibaya. Mjukuu aliniuliza kama atie kifo cha mzee kwenye ule ukurasa wa vifo, huenda mjomba wake akapita akasoma. Nikamwambia, "Ukithubutu nitakuvunja mkono. Mtoto hasomi kifo cha baba yake ukutani kama tangazo la mnada. Acha ajitokeze, tumpate kwa simu, nimwambie mimi kwa mdomo wangu."

Basi tukangoja. Na badala ya mwanangu, zikaja takataka.

Sijui kama mliokulia na vitu hivi mtanielewa. Ule ukurasa wa kuandika neno ulikuwa wazi kama choo cha soko. Asubuhi moja mjukuu akaja nyumbani uso umemvimba kwa aibu, akaniambia mama mmoja wa kwaya amefungua websaiti kusoma habari za harambee ya jeneza akakuta wanawake uchi. Chini yao kuna dawa ya kuwatia wanaume nguvu. Chini ya dawa kuna mtu anasema tutume hela kwa watu watano halafu tutatajirika.

"Ni nani huyo?" nikamuuliza. "Ni wa ukoo gani?"

"Kukhu, si mtu wa ukoo wowote," akasema. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. "Ni watu wa nje. Wanatupa hizi takataka kwa kila websaiti inayokubali. Hata hawajui sisi ni nani. Inaweza kuwa ni mashine inafanya."

"Mashine inauza dawa ya wanaume kwa chama cha mazishi?"

"Ndiyo hivyo, Kukhu."

"Basi hiyo mashine haina mama."

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Niliona mwanangu akifungua mahali pale siku moja, akitutafuta, anakutana na yale matako, anasema hapa si kwetu, anafunga. Nililala vibaya.

Mjukuu akaweka mlango. Tangu hapo mtu hakuandika neno bila kujiandikisha, na kujiandikisha ilikuwa ni kusema jina lako, ukoo wako, kijiji chako na unatoka nyumba ya nani. Maombi yalikuja kwa kompyuta ya Buruburu, msichana akayachapa kwa karatasi, Jumamosi akayaleta Umoja kwangu. Mimi nakaa na ungo wangu, yeye anasoma.

"Huyu anasema ni mwana wa dada yenu aliyeolewa ng'ambo ya mto."

"Dada yetu aliyeolewa huko hakuzaa mwana. Alizaa wasichana watupu, weusi, wazuri. Huyo ni mwongo. Endelea."

"Huyu hajui ukoo wa mama yake."

"Mwingize. Nyumba yao naijua, mama yake alikufa akimnyonyesha. Mwambie mama yake alikuwa wa ukoo wangu, na aje anisalimie."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi, na takataka zikakatika kama maji ya bomba yakifungwa. Mjukuu alisema hakuna kompyuta duniani yenye akili ya namna hiyo. Mimi nikamwambia mbona si ajabu, kazi ya nyanya ni kujua nani ni nani, la sivyo watoto wataoana ndugu kwa ndugu. Lakini kila Jumamosi kabla hajafungua mdomo nilikuwa namtazama macho kwanza. Akikaa chini polepole, najua jina la mwanangu halimo.

Halafu nikasafiri nyumbani kwa ajili ya kumbukumbu ya mzee, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Mwenyekiti wetu alikuwa karani mstaafu, mzee wa kanisa, suti yake ya kijivu hata juani. Akasema kazi ya mlango hata yeye anaiweza. Akamwingiza mtu aliyejiita mke wa mwana wa mzee fulani wa Kaloleni. Ukoo ulikuwa sawa, kijiji kilikuwa sawa, na mtu huyo baada ya kuingia akaandika kwamba baba mkwe wake yule wa Kaloleni, akamtaja kwa jina lake lote, amefariki ghafla, michango itumwe haraka mahali fulani.

Watoto wa ng'ambo wakatuma. Wa hapa wakabeba kuni na masufuria. Mama wa kwaya ndiye aliyefika kwanza Kaloleni, analia kutoka barabarani, kitambaa kiunoni, akamkuta marehemu amekaa kwenye kiti mlangoni akinyoa ndevu.

"Nani amekufa?" mzee akauliza, wembe mkononi.

Mama wa watu akafuta machozi. Akamwambia, "Wewe."

Leo tunacheka, lakini siku ile hakukuwa na kicheko. Kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa ni jambo zito kwetu. Yule mzee hakula vizuri kwa muda mrefu. Na wale waliotuma michango yao wakasema chama ni cha wezi. Niliporudi kutoka nyumbani nikakuta mkutano umeitishwa katika ukumbi wa kanisa kule Jericho, na maneno yaliyokuwa yakizunguka ni mawili tu: ama mlango uwekewe kufuli ya maana, ama websaiti ifungwe kabisa. Mwenyekiti alitaka ifungwe.

Ikifungwa, mwanangu atagonga wapi?

Sasa niwaambie mikutano yetu ilivyokuwa. Wanaume wanakaa ukumbini kwenye viti. Wanawake tuko jikoni nyuma, tunapika chai na kukata mikate, tunasikia nusu ya maneno kupitia kidirisha. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyekuwa kule mbele kwa sababu ya hiyo kompyuta. Waliongea, wakagombana, wakaomba, na mwishowe wakatoka na uamuzi. Mimi niliambiwa tu kwamba websaiti imepona na kufuli mpya imepatikana, na kazi ya kufuli itafanywa na kompyuta yenyewe, mama apumzike. Nilishukuru Mungu. Sikuuliza kufuli ni ya namna gani.

Jumamosi zikaendelea, mjukuu akinisomea tu wale ambao kompyuta imekwisha kuwapitisha. Karatasi zikapungua, na takataka hazikuisha. Siku moja akapita jamaa aliyejiita mwana wa mzee ambaye tulimzika kabla ya Uhuru, akaandika habari ya mkopo. Mjukuu akamfuta. Lakini kitu kingine kilikuwa kinanisumbua, kama jiwe dogo ndani ya kiatu, na sikulijua ni nini hadi siku moja nikiwa na ungo nikamwuliza, "Mbona ni wanaume tu?"

"Wanaume wapi, Kukhu?"

"Hawa unaonisomea. Mwana wa huyu, mwana wa yule. Wake wa watu wameacha kujiandikisha?"

Akatazama karatasi, akazigeuza. "Labda wanawake hawana kompyuta," akasema.

"Zamani walikuwa nazo?"

Akakunja karatasi zake, lakini mimi usiku huo niliwaza.

Jibu lilikuja kwenye mkutano uliofuata, na lilikuja kwa miguu. Tukiwa jikoni, chai inachemka, akaingia mke wa mwana wa mwenyekiti. Huyu ni mwanamke wa biashara, anauza vitambaa Eastleigh, mkubwa, sauti yake inajaza nyumba. Alitupa mkoba mezani hadi vikombe vikaruka.

"Mimi nimetukanwa," akasema. "Nimekwenda kwa kompyuta ya watu kule Eastleigh, nimelipa, nimekaa. Mara tatu nimefukuzwa na websaiti ya kwetu. Ya kwetu! Mara ya tatu yule kijana wa duka ananiangalia kama mimi ni mwizi."

"Imekuuliza nini?" mama wa kwaya akasema.

"Inataka nimtaje mzee wa mji wetu. Jina lake lote! Nimwandike baba mkwe wangu kwa kidole, herufi kwa herufi, kijana wa watu amesimama nyuma anasoma!"

Sufuria ya chai ikafurika hakuna aliyeitoa.

Kwa wasiotujua, niseme. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hata polisi akimwuliza. Hamkaribii, hamwandiki, wala hamtaji. Anazunguka, anasema yule mwenye mji, yule wa ng'ombe mwekundu, na msikilizaji anaelewa. Mimi baba mkwe wangu alikufa nikiwa na mvi kichwani, na hadi leo jina lake halijapita kwenye meno yangu. Halitapita.

Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa kidirisha, amesikia kila kitu, lakini hawezi kumjibu mke wa mwanawe uso kwa uso, wala mwanamke naye hawezi kumsemesha. Basi yule mwanamke akanigeukia mimi, sauti juu ili ifike.

"Kukhu, tafadhali mwambie mwenye kiti cha mbele kwamba mke wa mwanawe anauliza, hiyo kufuli ilitengenezwa na nani?"

Nikatia kichwa kwenye kidirisha. "Mwenyekiti, umesikia swali."

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. "Mwambie tuliiona ni nzuri. Kila mtu wa kwetu anamjua mzee wa mji wake."

"Anasema waliiona ni nzuri," nikamwambia mwanamke aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na amesikia.

"Mwambie kumjua namjua! Kila siku namnyooshea shati!"

Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakafuta machozi kwa leso. Niliona yote kwa mara moja. Walioketi kule mbele walikuwa wanaume, na mwana anaweza kumtaja baba yake, hana shida. Na aliyekuwa kati yao ni msichana ambaye hajaolewa, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na jina la mtu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulimeza jina. Na tapeli je? Majina ya wazee wote yalikuwa yameandikwa palepale kwenye ukurasa wa kwanza. Ananakili moja, anaingia. Mlango ulikuwa unawafungulia wezi na kuwafukuza wake wa wana wetu.

Nikamvuta mjukuu mkono tukatoka nje kando ya tangi la maji.

"Wale wanaokataliwa wanakwenda wapi?"

"Kompyuta inawarudishia neno, maombi yako yamekataliwa. Halafu inaweka kando. Sizisomi, Kukhu. Zinakuja nyingi, sanduku lenyewe ni dogo, likijaa linakataa hata barua nzuri. Kila mwisho wa wiki nazifuta."

"Wiki hii umefuta?"

Akatazama saa. "Nimemwachia mwenzangu dukani. Nimemwambia afute kabla ya kufunga."

Sijawahi kukimbia namna ile tangu nizae. Jericho hadi Buruburu si mbali kwa kijana, lakini mimi nilikuwa na magoti ya mtu wa zamani na kitambaa cha jikoni bado kiunoni. Watu wakatupisha. Mtu mmoja akauliza, "Mama, ni mwizi?" Nikamwambia ni mbaya kuliko mwizi. Mimi sikujua ninachokikimbilia. Huenda hakikuwepo. Nilijua tu kwamba ikiwa mwanangu ameoa, na kama aliyemwoa ni mtu wa kwetu aliyelelewa, basi huyo mwanamke akigonga kwetu angefukuzwa kama mbwa, na asingejua kwa nini. Angesema mama mkwe hanitaki.

Tulipofika Buruburu stima ilikuwa imepotea. Duka giza, kompyuta zimekaa kimya kama mawe ya kaburini, mwenzake amesimama mlangoni anakula mahindi ya kuchoma.

"Ulifuta?" mjukuu akasema, bila hata salamu ya niaje.

"Nilikuwa nafuta, stima ikaenda."

"Umefuta ngapi?"

"Sijui, za mwanzo mwanzo. Nilianzia juu."

Tukakaa hapo kwenye benchi. Nilikuwa naomba na kugombana na Mungu kwa pumzi moja. Yule kijana akanipa nusu ya mahindi yake, nikayashika tu. Taa ziliporudi watu wa estate nzima walipiga kelele ya furaha kama kawaida yao, na mimi nikapata wazimu kidogo maana mashine zile zilichukua muda kuamka, halafu ile simu ya intaneti ikalialia, ikakatika, ikalialia tena.

Zilizobaki hazikuwa nyingi. Mjukuu akazisoma kwa sauti ya chini. Takataka, takataka, dawa, halafu akafika mahali akasimama.

"Kukhu, hawa wote ni wanawake." Akasoma. "Siwezi kuandika jina hilo." Akasoma mwingine. "Mnisamehe, ni baba mkwe. Na huyu anasema, ni yule mrefu aliyekuwa chifu, mnamjua."

"Namjua. Endelea."

Akaendelea, na mara sauti yake ikabadilika. Niliweka mkono kwenye bega lake. Aliyeandika alikuwa Amerika. Jina lake la ubatizo sikulijua, ukoo wa baba yake niliujua. Aliandika hivi, nakumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye nilimfanya mjukuu anichapie karatasi yake:

"Nimeolewa na kitinda mimba wa mji mnaouuliza. Mwenye mji simtaji, mniwie radhi. Ni yule wa reli anayepita kando ya mabehewa na nyundo ndogo, anagonga magurudumu na kusikiliza kama chuma kimepasuka. Sijamwona kwa macho yangu. Mume wangu husema akikohoa asubuhi laini nzima ya nyumba za Makongeni huamka. Tunawatafuta."

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena. Kile kikohozi. Nilikuwa nimelala kando ya kikohozi hicho maisha yangu yote.

"Kukhu, pole pole," mjukuu akasema, lakini naye alikuwa analia. "Tapeli anaweza kuandika vizuri. Tuliona la Kaloleni."

"La Kaloleni lilitaja jina. Tapeli ana haja gani ya kuzunguka? Jina liko hapo kwenye ukurasa wenu kwa herufi kubwa. Huyu amelikataa na mlango amefungiwa. Huyu ni mke wa mwanangu. Mfungulie."

Akamfungulia. Akamwandikia kwamba kosa lilikuwa letu, kwamba anayeongea ni mama wa mji mwenyewe, tafadhali ajibu. Halafu hakukuwa na la kufanya.

Siku zilizofuata sitaki kuzieleza sana. Ombi lake lilikuwa limekaa pale karibu wiki nzima na lile neno la kukataliwa mgongoni. Nani hurudi mahali alipofukuzwa? Nilikuwa nakwenda Buruburu kila siku, nikakaa kwenye benchi na wale vijana wa kuandika barua za kazi, mwenye duka akaanza kuniita mfanyakazi. Huku nyuma wanawake wa jikoni walikuwa wameingia ukumbini kwa mara ya kwanza na kukaa kwenye viti. Swali likafutwa, na majina ya wazee yakatolewa kwenye ukurasa. Ikawa mwana wa mtu anataja, mke wa mtu anazunguka, na karatasi zote zinakuja kwangu. Mke wa mtu akimtaja baba mkwe moja kwa moja bila haya, huyo namtilia shaka kwanza. Mwenyekiti alikubali yote bila kuinua macho, maana mke wa mwanawe alikuwa ameketi safu ya nyuma.

Jibu likaja asubuhi, mjukuu akatuma mtu Umoja kuniita. Lilikuwa fupi. "Mama, nilidhani mmenikataa. Nilifanya kwa siri kazini kwangu, sikumwambia, nisimvunje moyo. Yeye anaamini baba yake alikasirika, ndiyo sababu barua zilikatika. Yuko mzima. Mzee hajambo?"

Mjukuu aliweka vidole juu ya zile herufi akaningoja. Mzee hajambo.

Nilikuwa nimeapa nitamwambia kwa mdomo wangu. Lakini huyu mwanamke ndiye aliyekuwa naye nyumba moja, ndiye angeweza kumshika. Nikasema, andika. Mwambie: Mwanangu, uliyemheshimu ametutoka. Hakukasirika hata siku moja. Usimpe mume wako habari hii kwa simu wala kwa karatasi. Ngoja arudi kutoka kazini, ale kwanza, halafu ukae karibu naye umwambie. Ukimaliza, apige simu ya duka hili, mimi niko hapa, siendi popote.

Nikakaa. Mwenye duka alinunua chai. Mchana ukapita, jioni ikaingia, mjukuu akasema labda kule bado ni mchana, mjomba yuko kazini, twende tulale, nikamwambia aende yeye. Mwenye duka hakufunga. Simu ilipolia aliinyakua, akasikiliza, akanipa bila neno.

Kulikuwa na upepo kwenye waya, halafu pumzi ya mtu mzima anayejaribu kusema Mama na haliji.

"Mimi hapa," nikamwambia. "Lia tu, mwanangu. Lia. Lakini usikate."

Hakukata.